Msiifute Michezo ya Kompyuta, Ifungueni

Wapo walimu wanaoamini kwamba dawa ya mchezo wa kompyuta shuleni ni moja tu: kuufuta. Wakiingia katika chumba cha kompyuta na kuwakuta wanafunzi wakimwongoza shujaa mwenye upanga katika nchi ya theluji, huamuru folda nzima itupwe, diski isafishwe, na kijana aliyeuleta mchezo huo akamwite mzazi wake. Nawaheshimu walimu hao. Nimefundisha hisabati pamoja nao kwa miaka mingi, na naujua uchungu wa kuona mashine iliyopatikana kwa kuombaomba ikigeuzwa uwanja wa kukimbizana na majoka. Hata hivyo, nionavyo mimi, mstaafu niliyerudi kukaa hapa Idsowe, kando ya Mto Tana karibu na Garsen, amri hiyo hufuta pamoja na mchezo somo ambalo sisi wenyewe tumelitafuta darasani bila kulipata.

Michezo ninayoikusudia ni ile ya dunia wazi. Humo mchezaji huvaa nafsi ya mtu fulani, akaachiwa nchi nzima aizunguke apendavyo: aingie mijini, azungumze na wenyeji, afanye biashara, apigane au akimbie. Kampuni ya Bethesda ya Marekani imekuwa bingwa wa michezo ya aina hii. Ilitoa Morrowind mwaka 2002, kisha Skyrim tarehe 11 Novemba 2011. Jambo ambalo mwalimu anapaswa kulizingatia ni kwamba kampuni hiyo haikuufunga mlango wa jikoni. Morrowind ya kompyuta iliuzwa pamoja na programu iitwayo Construction Set, na mwezi Februari 2012 ikatolewa Creation Kit kwa ajili ya Skyrim. Kwa programu hizo mchezaji yeyote anaweza kujenga nyumba, kuunda watu, kuhamisha milima, kubadili nguo, na kuyaweka mabadiliko yake katika faili ndogo ambayo mwenzake ataiingiza katika mchezo wake. Faili hizo ndizo vijana huziita modi. Haziundi mchezo upya, bali huuvika na kuupindua kidogo mchezo uliokwisha kuwapo.

Sisi watu wa Tana tusingepaswa kushangazwa na kazi ya namna hiyo. Wimbo wa taifa wa Kenya, unaoimbwa tangu uhuru mwaka 1963, umejengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Mzee Meza Moroa Galana ndiye aliyeitoa lahani hiyo, na kamati ya wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake, wakaipa sauti za kwaya na maneno mapya. Lahani ilibaki, vazi likabadilika. Sidhani kama yupo aliyewaambia wanamuziki wale kwamba wanapoteza wakati kwa kuchezea kitu kilichokwisha tungwa.

Wala si jambo geni kwa vijana wa Afrika Mashariki. Mchezo wa simu uitwao Bus Simulator Indonesia, uliotoka mwaka 2017, umevikwa na vijana wa Kenya na Tanzania rangi za matatu na za mabasi ya masafa marefu tunayoyafahamu, hata mtu akadhani mchezo huo ulizaliwa Dar es Salaam au Nairobi. Wengine hawakukomea kwenye kuvika. Mwaka 2015 Andrew Kaggia wa Nairobi alitoa mchezo wa mapigano uitwao Nairobi X, uliojengwa juu ya mitaa ya jiji lake mwenyewe. Kati ya kijana anayepaka basi rangi na fundi anayejenga mji mzima kuna ngazi, na ngazi hupandwa kuanzia chini.

Niliwafikia vijana wangu sita kwa sababu ya rangi ya zambarau. Hukutana kila Jumamosi katika chumba chenye kompyuta kuukuu za msaada, na walikuwa wakiunda modi ya kijiji cha kando ya mto. Siku moja mmoja wao alinijia akasema, "Shikamoo mwalimu. Mwalimu, mto wetu umekuwa zambarau na mchezo unakufa kila tukikaribia maboma. Mwalimu mkuu akiona hivi atafuta kila kitu." Sikujua lolote juu ya mchezo huo, lakini nilijua kwamba kitu kinachokosea kila mara kwa namna ileile kina sababu, na sababu hutafutwa. Tukakaa chini.

Kwanza tuliulizana rangi ile ina maana gani. Katika Skyrim kila kitu kina sehemu mbili: umbo lake na vazi lake. Umbo ni wavu wa pembetatu unaoonyesha jiwe limevimba wapi na kubonyea wapi. Vazi ni picha bapa inayozungushiwa umbo hilo kama kanga, na mafundi huiita teksicha. Mchezo ukilipata umbo lakini ukaikosa picha yake, hukivika kitu hicho zambarau kali. Ukilikosa umbo lenyewe, huweka alama nyekundu ya mshangao mahali pake. Kwa hiyo zambarau si ugonjwa, ni taarifa. Inasema: jiwe lipo, nguo yake haipo mahali uliponiambia nikaitafute. Vijana walikuwa wameipa picha ya maji jina moja ndani ya modi na jina jingine katika folda. Herufi moja tu ilitofautiana. Walipoirekebisha, mto ukarudi kuwa na rangi ya tope, kama Tana yenyewe.

Kufa kwa mchezo karibu na maboma ni kisa kingine, na hapa ndipo nilipolikuta somo langu la hisabati likinisubiri.

Vijana walikuwa wamepiga picha kuta za udongo, makuti, gome la mkoma, na ardhi nyeusi iliyopasuka baada ya maji kukauka, wakaziingiza zote zikiwa na upana wa pikseli 4096 na urefu wa 4096. Walidhani picha kubwa ni picha nzuri. Nikawauliza kioo cha kompyuta yao kina pikseli ngapi. Wakaniambia 1366 kwa 768. Tukazidisha: pikseli 1,049,088. Kisha tukazidisha 4096 kwa 4096: pikseli 16,777,216. Msomaji atazame vizuri. Jiwe moja lililo njiani, ambalo kwenye kioo halizidi ukubwa wa kiganja, lilikuwa limevikwa picha yenye pikseli takriban mara 16 ya kioo kizima! Hata kama jiwe hilo lingejaza kioo kutoka pembe hadi pembe, mashine isingekuwa na mahali pa kuzionyesha pikseli hizo zote.

Sasa tuingie katika uzito. Pikseli moja isiyobanwa huchukua baiti 4: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu na moja ya uwazi. Picha ya 4096 kwa 4096 huwa basi na megabaiti 64. Tena teksicha haiendi peke yake. Huandamana na nakala zake ndogondogo, nusu ya upana na nusu ya urefu, kisha nusu ya hiyo, mpaka kufika pikseli moja, ili kitu kilicho mbali kivikwe nakala ndogo na kisimetemete machoni. Kila nakala ni robo ya ile iliyotangulia. Mwalimu wa hisabati anaisikia harufu ya mfululizo wa jiometri hapa: moja, jumlisha robo, jumlisha moja ya kumi na sita, na kuendelea, ambao jumla yake hukaribia nne juu ya tatu. Yaani nakala zote, zijapokuwa nyingi, huongeza theluthi moja tu ya uzito. Megabaiti 64 huwa 85 na kitu. Nimefundisha fomula hiyo kwa mfano wa mpira unaodunda hata nikauchoka mpira wenyewe; wale vijana waliielewa kwa dakika chache kwa sababu mashine yao ilikuwa ikifa mbele yao.

Dawa ya kwanza ni kubana. Teksicha za mchezo huhifadhiwa katika faili za aina ya DDS, na ubanaji wake hufanana sana na ususi wa mkeka. Picha hukatwa vipande vya pikseli nne kwa nne, yaani pikseli 16. Kwa namna iliyo rahisi kuliko zote, iitwayo BC1, kila kipande hupewa rangi mbili tu, kama miyaa ya rangi mbili, na rangi nyingine mbili hupatikana kwa kuzichanganya hizo mbili. Kisha kila pikseli huandikiwa biti mbili za kusema ichukue rangi ipi kati ya hizo nne. Rangi mbili za msingi huchukua biti 32, pikseli 16 huchukua biti 32, jumla 64. Bila kubanwa kipande hicho kingechukua biti 512. Mzigo umepungua mara nane, na jicho halioni tofauti katika ukuta wa udongo. Kwa BC7, ambayo huhifadhi rangi kwa uaminifu zaidi, hupungua mara nne. Picha zile za pili zinazoueleza mwanga mabonde na vilima vya uso wa kitu hazitaki BC1 hata kidogo, maana huzitia madoa ya mraba. Hizo zipewe BC7 au ziachwe. Na kubana kufanywe mara moja tu, kutoka katika picha ya asili, kwa sababu kukibana kilichokwisha kubanwa ni sawa na kutoa fotokopi ya fotokopi.

Dawa ya pili ni kupunguza ukubwa, na hii hushinda ya kwanza. Kijiji cha vijana wetu kilikuwa na teksicha zipatazo 200. Kwa ukubwa wa 4096 na ubanaji wa BC7, kila moja huchukua megabaiti 21 na theluthi pamoja na nakala zake, na zote 200 hukaribia megabaiti 4,267. Kompyuta zile zina kumbukumbu ya gigabaiti 4 kila moja, tena hazina kadi ya michoro iliyojitenga. Kumbukumbu hiyohiyo ndiyo inayotumiwa na mfumo wa mashine, na mchezo, na picha. Hapo shetani hahitajiwi. Tulipozishusha picha hadi 1024 kwa 1024, jumla ilikuwa megabaiti 267. Nyuso za watu tukaziacha 2048, kwa kuwa mchezaji husimama karibu nazo wakati wa mazungumzo. Kokoto, magogo na mapaa tukayapa 512. Mchezo haukufa tena karibu na maboma.

Nilichokipenda katika zoezi hilo ni kwamba vijana walilazimika kuamua nini kinastahili kuonekana vizuri na nini kinaweza kuonwa kwa mbali. Huo ni uamuzi wa mchoraji na wa mwandishi wa insha pia.

Niseme neno juu ya mashine zenyewe kabla sijasahau. Garsen ni mahali pa joto, na vumbi letu halina adabu. Kompyuta inayojizima yenyewe baada ya nusu saa, mchezo wowote uwao, haina kosa la modi: imeziba feni. Faili ya mchezo uliohifadhiwa isiyofunguka baada ya umeme kukatika nayo haina kosa la modi. Kanuni ya kwanza ya mtafutaji kosa ni kuujaribu mchezo ukiwa mtupu, bila nyongeza hata moja. Ukifa hivyo hivyo, tafuta kwingine. Nimeona watu wazima, wenye shahada, wakiruka hatua hii.

Modi zenyewe zina tabia yake, nayo ni rahisi kuieleza kwa Kiswahili: wa mwisho ndiye mwenye neno. Mchezo huzisoma kwa orodha, kutoka juu kwenda chini, na modi mbili zikigusa kitu kimoja, ile inayosomwa baadaye huifuta kauli ya ile ya awali. Orodha hiyo ina kikomo, na kikomo chenyewe ni somo. Kila kitu ndani ya Skyrim kina nambari ya tarakimu nane za kizio cha kumi na sita, na tarakimu mbili za mwanzo huonyesha kimeletwa na modi ya ngapi. Tarakimu mbili za kizio hicho zina nafasi 256, na ya mwisho kabisa imetengewa vitu vinavyozaliwa mchezo ukiendelea. Zinabaki 255. Toleo la Special Edition, lililotoka Oktoba 2016, baadaye liliruhusiwa modi nyepesi zinazogawana nafasi moja kati ya hizo, na hivyo kuwaokoa wenye tamaa. Watoto wanaonuna tukiwafundisha vizio vya hesabu hawanuni wakiambiwa kwamba hiyo ndiyo sababu modi yao ya 256 haiingii.

Modi nyingine huegemea juu ya modi mama. Mama akikosekana, mchezo hufa kabla ya kufungua mlango. Nyingine huegemea toleo fulani la mchezo wenyewe. Skyrim iliposasishwa tarehe 11 Novemba 2021, katika kuadhimisha miaka kumi, modi nyingi zilizotegemea programu ya kuongeza uwezo wa skripti ziligoma duniani kote siku hiyohiyo, na wenyewe wakalazimika kuziandika upya. Ndiyo maana namba ya toleo isomwe kabla ya kitu kingine chochote. Wala modi yenye skripti isiondolewe katikati ya safari, kwa kuwa mizizi yake imekwisha ingia katika faili iliyohifadhiwa.

Na kama modi ni 64 na haijulikani yupi mkosaji? Mwanafunzi mmoja alianza kuzizima moja moja. Nikamkumbusha mfereji wa shamba. Maji yasipofika mwisho wa mfereji, mkulima mwenye busara haanzi kukagua tangu mtoni hatua kwa hatua, huenda katikati. Maji yakiwa yamefika hapo, tundu liko mbele. Yakiwa hayajafika, liko nyuma. Kisha huenda katikati ya nusu iliyobaki. Zima modi 32. Kosa likibaki, mkosaji yumo katika zile zilizo hai. Kwa majaribio 6 umemkamata mmoja kati ya 64. Mbinu hii ina udhaifu, nami niliwaeleza: haimtenganishi mama na watoto wake bila kuleta kosa jipya, na kama kosa linatokana na modi mbili zinazogombana, huenda kila moja peke yake ikaonekana haina hatia. Hapo lazima zioanishwe na kujaribiwa pamoja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kijiji cha vijana wale kilikuwa na wakulima wa Kipokomo kandokando ya mto, na wafugaji wa Kiorma wanaokuja na ng'ombe wao kunywesha wakati wa kiangazi. Wao wenyewe ndivyo walivyo: miongoni mwa wale sita wamo wa pande zote mbili. Nguo za wafugaji ziliigwa kutoka katika picha halisi, kwa heshima na kwa ustadi. Lakini kila walipouendesha mchezo, jambo moja lilitokea. Wafugaji walipofika mtoni, walichomoa silaha na kuwashambulia wakulima. Wanakijiji wakajibu. Kwa dakika mbili kijiji kizima kilikuwa kimelala chini.

Chumba kikanyamaza. Sihitaji kumweleza mtu wa Tana ni kwa nini. Tangu Agosti 2012 hadi Januari 2013, mapigano kati ya jamii hizi mbili katika delta hii yaliua watu zaidi ya 100, wakiwamo wanawake na watoto. Majina ya Riketa, Kilelengwani na Kipao hayatajwi hapa kwa sauti ya kawaida. Vijana wale walikuwa watoto wachanga wakati huo, au hawajazaliwa, lakini wamelelewa na watu wanaokumbuka. Mmoja alimgeukia mwenzake aliyewaunda wafugaji, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Umefanya makusudi?" Yule mwenzake akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga. Mwalimu aliyekuwa zamu aliingia, akaona maiti kwenye kioo, akasema kifutwe mara moja.

Nikamsihi: "Mwalimu mwenzangu, tupe saa moja."

Tukalifungua faili la mfugaji katika Creation Kit na kulisoma mstari kwa mstari. Kijana yule hakuwa ameandika popote kwamba mfugaji ni adui. Ili asiunde mtu kuanzia mwanzo, alichukua mtu aliyekwisha kuwamo katika mchezo, akamnakili, akambadilisha jina na kumvika teksicha mpya. Mtu aliyemnakili alikuwa jambazi. Nguo zilikuwa za Kiorma, jina lilikuwa la Kiorma, lakini ndani yake lilibaki kundi la majambazi alilosajiliwa na waundaji wa mchezo, na kiwango cha ukali kinachomwamuru amshambulie kila adui wa kundi hilo amwonapo. Mchezo hausomi nguo. Husoma kundi. Tulimfuta katika kundi lile, tukaushusha ukali wake hadi kiwango cha mtu wa amani, tukamwingiza katika kundi la wenyeji. Tukaendesha mchezo. Wafugaji wakafika mtoni, ng'ombe wakasimama majini, mkulima akapita karibu nao na jembe lake, pasitokee jambo.

Lau folda ile ingefutwa, vijana sita wangetoka chumbani kila mmoja akiwa na jibu lake moyoni juu ya swali lile la "makusudi". Sijui majibu hayo yangekuwa yapi, wala sipendi kuyakisia. Ninachojua ni kwamba walitoka wakiwa wameliona kosa kwa macho yao, katika mstari wake, na kulirekebisha wao wenyewe. Na aliyeuliza swali lile ndiye aliyebonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Wapinzani wangu wana hoja, nami sitazipita kimyakimya. Skyrim si mchezo wa watoto: nchini Marekani umewekewa umri wa miaka 17 kwenda juu. Mwalimu anayewazuia wa darasa la saba asilaumiwe. Morrowind imewekewa miaka 13, na kwa kuwa ni ya mwaka 2002, haihitaji mashine yenye nguvu. Iliridhika na kumbukumbu ya megabaiti 256. Hoja ya pili ni ya haki. Nakala nyingi zilizosambaa katika vyumba vyetu vya kompyuta hazikununuliwa, na hatuwezi kumfundisha mtoto kuheshimu kazi ya mwenziwe kwa kutumia kitu cha wizi. Modi nazo zina wenyewe. Aliyeunda mti au upanga huandika kama anaruhusu utumiwe katika kazi nyingine, na ruhusa hiyo isomwe. Vijana wetu hawajaingiza picha ya mtu mwingine hata moja.

Kwa shule isiyo na fedha wala mashine nzuri, ushauri wangu ni kuanza na Luanti, ambayo mpaka mwaka 2024 ilijulikana kwa jina la Minetest. Ilianzishwa na Perttu Ahola wa Ufini mwaka 2010, hutolewa bure, ni halali kuinakili, na modi zake huandikwa kwa lugha ya Lua ambayo mwanafunzi wa sekondari huimudu. Dunia yake imejengwa kwa matofali, na teksicha yake ya kawaida ni ya pikseli 16 kwa 16. Pikseli 256 tu! Mwanafunzi anaweza kuichora kwanza katika daftari la mraba kwa kalamu za rangi. Kurekebisha picha kubwa kuna programu ya GIMP, nayo ni bure, na huziandika faili za DDS pia. Tangu mwaka 2016 serikali imekuwa ikigawa vifaa vya kidijitali katika shule za msingi, na mwaka 2022 mtaala wa kuandika programu uliidhinishwa kwa shule za Kenya. Vifaa na ruhusa vimekuwapo kwa muda. Kilichopungua mara nyingi ni kisa cha kumfanya mtoto atake kujua. (Na wale watakaoniandikia kwamba ningesema "tarakilishi" au "ngamizi" badala ya "kompyuta", nawakumbusha tu kwamba hilo la mwisho lina harufu ya maangamizi, nasi tunajaribu kuzinusuru mashine hizi.)

Kijiji cha vijana wale bado hakijakamilika. Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalizichukua nyumba nyingi za udongo za ukingoni, na baadhi ya kuta walizotaka kuzivika hazipo tena kupigwa picha. Wanazitafuta kwa watu. Mwenye picha ya zamani ya ukuta, mlango, ghala la mpunga au boma la kando ya mto katika bonde hili, ya Wapokomo au ya Waorma, na airuhusu inakiliwe. Ipigwe mchana, jua likiwa limefichwa na wingu ili isiwe na vivuli vikali, kamera ikitazamana na ukuta bila kuinama. Wao wataizungusha nusu kwa nusu na kuuziba mshono, ili kingo zikutane ukuta ukirudiwa. Ukubwa wa pikseli 1024 unatosha.